Unga wa muhogo: Saa mbili za jua zinazolinda miguu ya mtoto

Katika kaya nyingi za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, muhogo ndio chakula kinachobaki shambani pale mahindi yanapogoma. Mvua ikikatika mapema, mama huchukua jembe, akang'oa mashina mawili matatu, na usiku watoto hulala wameshiba. Ndiyo maana wazee wa kusini hawakosi kipande cha shamba la muhogo, hata pale korosho, ufuta na mbaazi vinapowaletea fedha.

Lakini muhogo huohuo una sumu. Aina chungu, ambazo wakulima wengi huzipenda kwa sababu nguruwe pori na ngedere hawazisumbui sana, zina kiambato kinachozalisha sianidi. Mihogo ikiandaliwa ipasavyo, sumu hiyo huondoka. Ikiandaliwa kwa haraka, hubaki kwenye unga, huingia kwenye ugali, na inaweza kumfanya mtoto aliyelala akiwa mzima aamke asubuhi hawezi kusimama.

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Miguu ikishaharibika, hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Kinga yake iko uani na jikoni, na inategemea mambo mawili ambayo wanafunzi wa sekondari hufundishwa kwenye somo la kemia, na wengi wao huyaona kuwa hayana kazi nyumbani: kasi ya mmenyuko na hesabu za moli.

Ugonjwa unaofuata njaa

Jina konzo linatoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938, baada ya kuonekana katika eneo la Kwango. Mgonjwa hutembea kwa vidole, magoti yakipishana, kama mtu aliyefungwa kamba miguuni.

Kwa watu wa kusini mwa Tanzania, habari hii haiko mbali. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika Jimbo la Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ulemavu huo mwaka 1981, wakati wa ukame mkali. Daktari kijana kutoka Sweden, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliochunguza chanzo chake, na baadaye alirudia utafiti wa konzo katika nchi nyingine za Afrika.

Hapa nchini, konzo ilionekana Tarime, Mkoa wa Mara, mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliripotiwa tena Mtwara na Mbinga. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwamo Nicholas Mlingi, walifuatilia kwa miaka mingi namna mihogo inavyoandaliwa kusini na mahali ambapo sumu hubaki.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja, sura yake ni moja. Ukame unakuja, mahindi yanakosekana, muhogo chungu unakuwa chakula cha asubuhi na jioni. Muhogo wenyewe, kwa sababu ya ukame, huongeza sumu mwilini mwake. Njaa inabana, siku za kuandaa zinapunguzwa. Na mboga ya maana haipo, kwa hiyo mwili unakosa silaha ya kujilinda.

Wanaopatwa zaidi ni watoto walioachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla. Mtoto anajua jana alikuwa anakimbia, na leo hawezi kwenda msalani bila kushikwa mkono.

Njiti na ubavu wa kiberiti

Kinachoitwa sumu ya muhogo, kwa hakika, huanza kikiwa kimetulia. Ndani ya chembe za mzizi kuna kiambato kinachoitwa linamarini. Pembeni yake, kwenye kuta za chembe hizohizo, kuna kimeng'enya kinachoitwa linamarasi. Viwili hivyo vimetengwa, kama njiti na ubavu wa kiberiti. Vikikaa mbalimbali, hakuna moto.

Muhogo unapokwaruzwa, kutwangwa au kutafunwa na mnyama, kuta hupasuka na viwili hivyo hukutana. Kimeng'enya hukata linamarini na kutoa sukari ya glukosi pamoja na kiambato kisicho imara. Kiambato hicho nacho huvunjika, kikatoa asetoni na gesi ya sianidi. Kwa mmea huo ndio ulinzi: mnyama anayeutafuna hukutana na sumu.

Kwa mama anayeandaa unga, hiyohiyo ndiyo njia ya wokovu. Gesi ya sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi. Mchana wa Nachingwea una joto la kutosha kuifanya iruke hewani. Kwa maneno mengine, ili kuitoa sumu kwenye unga ni lazima kwanza iachiliwe, kisha ipewe nafasi ya kuondoka kabla chakula hakijafika mdomoni.

Hapo ndipo kasi ya mmenyuko inapoingia.

Mambo manne yanayoamua kasi

La kwanza ni kugusana. Kipande kizima cha muhogo kilichomenywa na kuanikwa kina chembe nyingi ambazo hazijapasuka. Linamarini yake haijakutana na kimeng'enya. Muhogo uliokwaruzwa au kutwangwa vizuri umepasuka karibu kila mahali, na mmenyuko huenda haraka. Ni sababu ileile inayofanya vijiti vyembamba vishike moto kabla ya gogo.

La pili ni maji. Mmenyuko huu hauendi pakavu. Hapa ndipo makopa yanapowadanganya wengi. Jua kali hukausha vipande upesi, na maji yakiisha, kimeng'enya husimama kazi hata kama linamarini bado ipo. Utafiti umeonyesha kuwa kuanika vipande juani bila hatua nyingine kunaweza kuacha robo hadi theluthi ya sumu iliyokuwapo. Kopa jeupe, kavu, linalovunjika kwa sauti, linaweza kuwa na mmenyuko uliokatishwa njiani.

La tatu ni joto. Joto likipanda kiasi, kazi huenda kasi. Likipanda kupita kiasi, kimeng'enya huharibika na hakifanyi kazi tena. Ndiyo maana kuchemsha muhogo chungu mzima si njia salama: maji ya moto huua kimeng'enya mapema, na sehemu kubwa ya linamarini inaweza kubaki ndani ya muhogo. Mihogo ya kuchemsha kwa chai ya asubuhi iwe ile mitamu inayojulikana na wenyeji, imenywe na kukatwa vizuri, na maji ya kuchemshia yamwagwe.

La nne ni muda. Kuna njia ya mkato inayofahamika kusini kwa jina la chinyanya. Mihogo mibichi hutwangwa, huanikwa, hutwangwa tena, na unga hupatikana ndani ya siku moja au mbili. Kwa kutazama, kutwanga kumefanyika, kugusana kupo. Lakini kile kiambato kisicho imara huhitaji muda kuvunjika, na gesi huhitaji muda kutoka. Mlo ukiwahi kuiva kabla ya mmenyuko kuisha, sumu iko ndani ya sufuria. Watafiti waliihusisha njia hii na watu kudhurika kusini mwa Tanzania nyakati za uhaba wa chakula.

Kuloweka mihogo kwa siku tatu au nne hadi ilainike, kisha kuikausha, huondoa sumu kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa hapo kuna maji, muda na kupasuka kwa chembe kwa pamoja. Tatizo ni maji. Pale ndoo moja inapochotwa mbali, si kila mama anaweza kuyatenga kwa ajili ya kuloweka.

Saa mbili juani, saa tano kivulini

Mkemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitafuta njia ambayo ingemfaa mama mwenye unga ambao tayari umeshasagwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, na njia yenyewe haihitaji kifaa cha kununua.

Unga mkavu wa muhogo huwekwa kwenye beseni, na alama huwekwa kwa ndani pale unga unapofikia. Maji huongezwa kidogo kidogo huku unga ukikorogwa. Mwanzoni unga hushuka chini ya alama, kwa sababu maji hujaza nafasi za hewa. Maji yakiendelea kuongezwa, unga uliolowa hupanda tena. Ukifika kwenye ile alama ya mwanzo, maji yametosha. Kwa makadirio, kilo moja ya unga hutumia lita moja na robo ya maji.

Unga huo hutandazwa kwenye mkeka safi, ungo au sinia, unene usizidi sentimita moja, sawa na upana wa kidole kidogo. Huachwa juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano. Baada ya hapo hupikwa ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa haukai.

Kila hatua ina sababu yake. Maji hukiamsha kimeng'enya kilichosimama wakati wa kukausha. Unga ulikwishasagwa, kwa hiyo kugusana kupo. Unene mdogo huipa gesi njia fupi ya kutokea. Na tofauti kati ya saa mbili na saa tano ndiyo kazi ya joto: juani mmenyuko na kuruka kwa gesi huenda mara mbili na nusu zaidi ya kivulini.

Vipimo vilionyesha kuwa njia hii hupunguza sianidi kwenye unga mara tatu hadi sita. Mwaka 2010 ilianza kutumika katika Kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka nchini Kongo, ambako konzo ilikuwa imeshika kasi. Wanawake walifundishwa kulowesha unga kila siku kabla ya kupika. Katika kipindi cha mwaka mmoja na nusu cha ufuatiliaji, hakuna mgonjwa mpya aliyeonekana. Njia hiyo ikapelekwa kwenye vijiji vingine vya nchi hiyo.

Hesabu ya moli kwenye sinia la unga

Mzazi mwenye mwanafunzi wa sekondari anaweza kumpa kazi hii akiwa amekaa kando ya sinia la unga.

Moli ni namna ya kuhesabu vitu vidogo kwa mafungu, kama mama anavyohesabu mayai kwa trei. Trei la mayai ya kuku na trei la mayai ya kware yana idadi moja, lakini uzito ni tofauti. Vivyo hivyo, moli moja ya linamarini ina uzito wa gramu 247, wakati moli moja ya sianidi ni gramu 27 tu.

Mmenyuko wa muhogo ni wa moja kwa moja: moli moja ya linamarini na moli moja ya maji hutoa moli moja ya glukosi, moja ya asetoni na moja ya sianidi. Kwa uzito, 247 na 18 za maji ni gramu 265. Upande wa pili, glukosi ni 180, asetoni 58 na sianidi 27. Jumla ni gramu 265 zilezile. Hakuna kilichopotea.

Tuseme unga una miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo. Mama akisonga ugali wa kilo mbili za unga kwa familia kubwa, kuna miligramu 100 za sianidi, yaani gramu 0.1. Gawanya kwa 27, utapata moli 0.0037. Zidisha kwa 247, utapata linamarini ya gramu 0.9 hivi. Chini ya gramu moja katika kilo mbili za unga, na macho hayawezi kuiona.

Kiwango cha juu kilichowekwa na Codex, tume ya viwango vya chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 10 kwa kilo ya unga wa muhogo. Unga wetu wa mfano umekizidi mara tano. Ukiloweshwa na sumu ikapungua mara tatu, zitabaki miligramu 17 hivi kwa kilo. Ikipungua mara sita, zitabaki karibu 8.

Hesabu hiyo inafundisha jambo moja muhimu. Kulowesha unga hakumpi mtu ruhusa ya kuharakisha hatua za mwanzo. Unga ulioandaliwa vibaya sana unaweza kuloweshwa na bado ukawa juu ya kiwango. Unga ulioandaliwa kwa uangalifu, kisha ukaloweshwa, hushuka mahali salama.

Kwa mtoto, hesabu ni ya karibu zaidi. Sianidi inatajwa kuwa inaweza kuua kuanzia miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtoto wa kilo 15, hiyo ni miligramu 7.5. Gramu 150 za unga wetu wa mfano zina miligramu 7.5. Si linamarini yote inayogeuka kuwa sianidi mwilini, nyingine hutoka na mkojo ikiwa nzima, kwa hiyo mlo mmoja haumaanishi kifo. Lakini hesabu inaonyesha kwa nini sahani ambayo baba ameila bila shida inaweza kumdhuru mtoto aliyekaa pembeni yake.

Mboga nayo ina kazi

Mwili una njia ya kuivunja nguvu sianidi inayoingia. Huichukua, huiunganisha na salfa, na kuigeuza kuwa kiambato chenye madhara madogo kinachotoka na mkojo. Hapa pia ni moli moja kwa moli moja: kila miligramu 27 za sianidi huhitaji miligramu 32 za salfa.

Salfa hiyo hutoka kwenye protini. Samaki, dagaa, mayai na nyama vina salfa nyingi. Ufuta, ambao Nachingwea na Ruangwa huuvuna na kuuza kwa magunia, una kiasi kizuri cha methionini, mojawapo ya viambato vya protini vyenye salfa. Kunde, mbaazi na karanga navyo husaidia.

Mtoto anayekula ugali wa muhogo kwa chumvi kwa wiki kadhaa huishiwa salfa kabla sianidi haijaisha. Katika kemia, kiambato kinachowahi kuisha ndicho kinachoamua mmenyuko utaishia wapi. Kinachobaki bila mwenzake, kwa mtoto huyo, ni sumu. Familia inayouza ufuta wote na kubaki na muhogo mtupu inaweza kutenga debe moja la nyumbani, usagwe au utwangwe na kuwekwa kwenye mboga.

Kisamvu nacho kisisahaulike. Majani ya muhogo yana linamarini pia, na kimeng'enya chake ni kingi. Kinu cha bibi kilikuwa na kazi zaidi ya kulainisha: kutwanga hadi majani yawe laini hupasua chembe na kuiachilia gesi, kisha kuchemsha humalizia. Kisamvu kilichokatwakatwa na kutiwa sufuriani moja kwa moja hakijapitia hatua hiyo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mtu aliyekula sianidi nyingi kwa mkupuo huanza kuumwa ndani ya saa chache. Kichwa kinauma, anapata kizunguzungu, tumbo linasokota, anatapika, anaishiwa nguvu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiugua hivyo baada ya mlo mmoja wa muhogo, wapelekwe haraka kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na mhudumu aambiwe wazi walikula nini na unga uliandaliwaje.

Mtoto anayekakamaa miguu yote miwili ghafla naye apelekwe bila kusubiri. Ni vyema watumishi wa afya wamwone ili kuitofautisha konzo na polio, ambayo kwa kawaida hulegeza mguu badala ya kuukakamaza. Wapo wazazi wanaodhani mtoto amerogwa, wakapoteza wiki kwa mganga huku nyumba nzima ikiendelea kula unga uleule. Dawa ya kurudisha miguu haipo, lakini mazoezi ya viungo, magongo na lishe bora humsaidia mtoto, na kubadilisha unga huwaokoa ndugu zake.

Miezi ya hatari zaidi ni ile ya kabla ya mavuno, ghala linapokuwa tupu na jua likiwa la kuvizia kwa sababu ya mvua. Familia inaweza kujipanga mapema: kuandaa makopa wakati wa kiangazi bila haraka, kuuliza wataalamu wa kilimo kuhusu mbegu zenye sumu kidogo, na kuzoea kulowesha unga hata siku za shibe, ili njaa ikija mazoea yawe tayari. Siku ya mvua, sinia liwekwe barazani kwa saa tano. Mama akianza saa tano asubuhi, saa kumi jioni unga uko tayari kwa sufuria.